Kidole Changu Juu ya Duara

Kasulu, Jumamosi alasiri

Leokadia, mwana wanje,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kutopokea soda kwa mtu usiyemjua ndani ya basi sitaziandika. Tumezisema wiki nzima mpaka ukaanza kuniitikia bila kusikiliza. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza kwenda kuanza masomo ya udaktari, na leo umeshinda Kibondo kumuaga bibi yako. Nimebaki peke yangu kwenye meza ya chakula, na kuna jambo ambalo kinywa changu kimeshindwa kulitoa kwa miaka kumi na mitatu.

Miezi miwili iliyopita uliacha hapa mezani maelezo yako uliyoandika kwa ajili ya chuo. Uliandika hivi: "Mama yangu mzazi aliuawa nikiwa na miaka sita. Daktari aliyekuwa akiwatibu kaka yangu na mdogo wangu alinichukua akanilea. Nataka kuwa daktari kama yeye." Niliyasoma nikiwa nimesimama.

Hakuna uongo katika maelezo yale. Ila kuna sentensi moja imekosekana pale katikati, na wa karibu yako wanaoijua ni watu watatu tu: mimi, bibi yako, na baba yako aliyeko gerezani. Waliomuua mama yako walitoka nyumbani na mapanga kwa sababu ya neno nililolisema mimi.

Usiichane barua hii. Isome mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Unajua mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto, na kwamba nimetumia nusu ya maisha yangu kutafuta magonjwa yanayotoka kwenye damu ya wazazi. Hujui nilifikaje huko, kwa sababu ulipouliza nilikuambia nilipenda somo la baiolojia. Nilikuwa na mdogo wangu, Yohana. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na alipofika miaka mitano akaanza kuanguka, anatetemeka, anatoa povu. Baba yangu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyempenda Yohana kuliko sisi wasichana, na hakuficha. Wazee wa ukoo walimwambia kwamba mtoto ana kitu ndani yake na lazima kitolewe. Wakaweka jembe motoni mpaka likawa jekundu. Walimshika wanaume watatu, na kwa kuwa wa nne hakuwepo, wakaniita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliambiwa nishike mguu wa kushoto nami nikaushika kwa nguvu zangu zote, wakamkanyagisha jembe lile. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Harufu ile ninaijua mpaka leo. Ndiyo maana sili nyama ya kuchoma, siyo kwamba inaniumiza tumbo.

Yohana alikufa mwaka uliofuata. Alianguka kwenye mafiga wakati mama yuko shambani, na hakukuwa na mtu wa kumwondoa motoni. Siku tulipomzika nilijiapiza kwamba nitajua ugonjwa huu unatoka wapi. Niliamini mtu akishajua unatoka wapi, basi hakuna atakayemchoma tena mtoto nyayo. Nikasoma kwa hasira, Leokadia. Watu waliniona mwanafunzi mwenye bidii, kumbe nilikuwa nasoma kama mtu anayefukuza mwizi.

Niliporudi kutoka masomo ya nje nilikuwa na kichwa kikubwa. Hospitali ya hapa Kasulu haikuwa imewahi kuwa na daktari wa aina yangu. Watu walitoka Buhigwe, wakatoka Kakonko, wakatoka kambini Nyarugusu, wakapanga foleni na watoto mgongoni. Siku moja akaja mwanamke mrefu kutoka Kibondo amebeba mtoto wa miaka minane kama anavyobebwa mchanga, miguu ya mtoto inaning'inia mpaka magotini mwake. Alikuwa amebadilisha magari mawili na kutembea sehemu nyingine. Alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, dokta. Huyu alikuwa anaimba kwaya." Ndivyo nilivyokutana na mama yako, Skolastika.

Ezekieli alizaliwa mzima. Alitembea, akasema, akaimba. Alipofika miaka mitatu na nusu akaanza kuanguka kifafa, kisha maneno yakampotea moja moja, kisha miguu, kisha macho. Nilipomwona alikuwa hawezi hata kumeza vizuri. Mama yako alimlisha uji kwa kijiko huku anamsugua koo kwa kidole gumba, taratibu, ili ushuke. Sikuwa nimemfundisha mimi, alibuni mwenyewe. Nilimpa dawa za kupunguza kifafa na nikamwambia ukweli kwamba sina ya kuponya. Hakulia. Aliniuliza tu, "Na mdogo wake?" Samweli alikuwa na miaka minne. Mwezi ule alikuwa ameanza kujikwaa.

Hapo ndipo nilipotaka kujua. Watoto wawili wa kiume wanaugua, binti wa katikati mzima. Nilimuuliza mama yako kama kwao kuna aliyewahi kuugua hivi, akasema alikuwa na kaka aliyekufa mdogo kwa degedege. Moyo wangu uliruka. Yapo magonjwa ambayo mama huyabeba bila kuumwa na kuwapa watoto wa kiume, na mchoro wa familia yenu ulikaa kama picha niliyoiona kitabuni. Nikaja kwenu kuchukua damu ya baba yako, ya mama yako, ya Ezekieli na ya Samweli ili ipelekwe nje kupimwa. Wewe ulipoona sindano ulikimbilia nyuma ya banda la kuku, ukagoma kutoka, nikaona nisikutese. Majibu yangechukua muda mrefu sana. Lakini mimi sikuyasubiri, maana kichwani mwangu yalikuwa yameshafika.

Nilirudi kwenu Kibondo siku ya Alhamisi. Baba yako, Gerevazi, alikuwa ameita ndugu zake kwa heshima ya mgeni. Walikaa kwenye mabenchi, na kaka yake mkubwa, Damiani, alikaa karibu nami. Mama yako alipita na birika la chai ya tangawizi. Nikatandaza karatasi kubwa mezani, nikachora: mraba kwa kila mwanaume, duara kwa kila mwanamke, mistari ya kuwaunganisha, na wagonjwa nikawapaka wino. Nilifurahia macho yao. Nilijiona kama mwalimu anayefungua darasa gizani.

Damiani akasema, "Dokta, sisi hatukusoma. Tuambie kwa kifupi. Imetoka upande gani?"

Ningeweza kusema bado hatujui. Ndiyo ilikuwa kweli. Badala yake niliweka kidole changu juu ya duara la mama yako, nikakipandisha mpaka duara la bibi yako.

"Inaonekana inapitia huku," nikasema.

"Huku wapi?"

"Upande wa mama."

"Kwa hiyo mdogo wangu hana kitu?"

"Hana."

Mama yako alikuwa amesimama na birika mkononi. Damiani alimtazama baba yako, hakunitazama mimi tena, na mimi nikakunja karatasi yangu.

Mama yako alinifuata mpaka kwenye gari. Alizungumza chinichini, kwa Kiha, lugha ambayo siku zote hospitalini, ukiacha salamu, alikwepa kunisemesha kwa sababu ya heshima. Alisema, "Dokta, ungeniambia mimi kwanza."

Nikamjibu kwa Kiswahili, "Usiogope, mama. Ni mambo ya kitaalamu tu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa mzima. Nikatia gari moto.

Kilichofuata una kovu lake begani, lakini ulikuwa mdogo, na mengi umeyajua kwa vipande. Nitakueleza nilivyoelezwa na bibi yako, na nilivyoona mwenyewe kwenye meza ya upasuaji.

Bibi yako alikuwa amekuja kumsaidia mama yako kuuguza. Ijumaa na Jumamosi Damiani alipita nyumba kwa nyumba akisema daktari amethibitisha: yule bibi ndiye mrozi, ameanza na mtoto wake mwenyewe, sasa anakula wajukuu wa ukoo wetu kupitia tumbo la binti yake. Mchawi aliyesemwa na mganga watu wangembishia. Huyu alikuwa amesemwa na hospitali. Jumapili baada ya misa walikunywa pombe ya ndizi tangu asubuhi, Damiani, baba yako na binamu zao wawili. Saa nane mchana wakaja.

Bibi yako alikuwa ndani akimlisha Ezekieli uji. Mama yako aliwaona wakivuka shamba la mihogo na mapanga yao, akachukua mchi wa kutwangia akasimama mlangoni. Nataka ujue hili kuliko jingine lolote katika barua hii: mama yako hakufa akilia. Damiani alimwambia, "Pisha, hatuna shida na wewe, tunamtaka mama yako." Akamjibu, "Njoo umchukue." Alipoinua mguu kuvuka kizingiti, mama yako alimpiga mchi wa taya, na bibi yako alisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Damiani akaanguka. Mmoja wa wale binamu alipokaribia alipigwa wa kifua, akarudi nyuma akitema damu.

Pigo la kwanza la panga lilikuwa la baba yako. Lilimpata shingoni, hapa karibu na sikio. Mama yako akageuka akamtazama, akasema jina lake, "Gerevazi," kama anayemwita chakula kiko tayari. Baba yako akampiga tena. Wewe ulikuwa umemshika mama yako kiuno kwa nyuma na ukakataa kumwachia. Panga la tatu ndilo lililokupata begani. Bibi yako alitoka akainua mkono kukukinga na mkono ule ukaanguka pale mlangoni, kuanzia kwenye kifundo. Ndani, Ezekieli alikuwa amelala kitandani na uji mdomoni, hana wa kumsugua koo.

Majirani walikuja kwa yowe. Mngeokolewa nusu saa mapema kama wangeamini yowe la kwanza. Walipoona kilichofanyika, nao wakawa watu wengine. Damiani alijaribu kukimbia huku ameshika taya lake, wakamfikia kwenye mihogo na wakampiga mawe na majembe mpaka hakuna aliyemtambua. Wale binamu waliingia porini wakavuka mpaka. Baba yako hakukimbia. Polisi walimkuta amekaa chini karibu na mama yako anafukuza nzi.

Mliletwa Kasulu jioni kwenye gari la kubebea magunia. Niliitwa kwa ajili ya mtoto mwenye jeraha, na nilipofunua kanga nikakutambua. Mama yako alikuwa bado anapumua. Nilibana shingo yake kwa mikono yangu miwili huku daktari wa upasuaji akitafuta mshipa, na damu ilikuja katikati ya vidole vyangu, ya moto, mpaka ikaacha kuja. Nilimwita jina. Sikujua kama alinisikia. Kisha nikanawa, nikaja kukushona wewe. Nyuzi kumi na saba. Hukulia, uliniuliza mama yuko wapi, nikakuambia amelala.

Sasa nifike kwenye makosa yaliyofuata, maana la kwanza lingeweza kuitwa ujinga, lakini haya nilikuwa najua ninachofanya.

Siku ya kesi, baba yako aliulizwa nani alimwambia mama mkwe wake ni mchawi. Akasema, "Daktari alituchorea." Jaji akamwambia asimsingizie mtaalamu. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, nimevaa suti ya kijivu. Ningeweza kusimama. Nilitazama viatu vyangu, na nitakuambia ukweli wote, nilihisi nafuu. Alihukumiwa kunyongwa, na baadaye ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Ezekieli alikuwa amekufa mwezi ule ule wa mauaji, wodini kwetu. Kuhusu wewe na Samweli, nilikwenda kwa bibi yako akiwa bado amelazwa, nikiwa nimeandaa maneno mazuri ya kumwambia kwamba nitasaidia. Alinikatisha. Aliinua mkono uliofungwa bandeji akauweka mbele ya uso wangu.

"Mimi umebaki mmoja," alisema. "Wewe unayo yote miwili. Hawa watoto utawalea wewe."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Usilie hapa. Na siku huyu binti atakapotoka kwako kwenda kujitegemea, utamwambia mwenyewe ulichokisema. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sitapunguza."

Kwa hiyo usidhani nilikuchukua kwa wema. Watu wa ustawi wa jamii waliandika hivyo, majirani hapa wanasema hivyo, na wewe umeandika hivyo. Nilikuchukua kwa sababu niliamriwa na mwanamke ambaye nilimvunjia nyumba. Kukupenda kulikuja baadaye, polepole, na kulinikuta sijajiandaa. Nadhani kulianza ile siku ulipokataa kulala mpaka Samweli ageuzwe ubavu, ukamgeuza mwenyewe, na ulikuwa na miaka saba.

Majibu ya damu yalikuja karibu miaka mitatu baadaye. Unakumbuka tulivyomzika Samweli. Yalikuja wiki mbili kabla. Nilifungua bahasha ofisini peke yangu. Nilikuwa nimekosea, Leokadia. Sikuwa nimekosea namna ya kusema tu. Nilikuwa nimekosea jibu lenyewe.

Utajifunza haya darasani, lakini nataka uyasikie kwangu kwanza. Kila mtu hubeba maagizo ya mwili wake mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Agizo moja likiwa na kasoro, la pili hufanya kazi, na mtu huishi miaka themanini bila kujua. Baba yako alikuwa na kasoro moja. Mama yako alikuwa na kasoro moja, ile ile. Ezekieli na Samweli walipata zote mbili. Haikutoka upande wa mama. Ilitoka pande zote mbili sawasawa, kipimo kwa kipimo. Na yule mjomba wako aliyekufa mdogo? Nilikwenda kumuuliza bibi yako, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu. Alisema alikuwa mtoto mwenye akili sana, alishikwa na homa kali, akapata degedege usiku mmoja na kesho yake akafa. Ilikuwa malaria. Nilikuwa nimempaka wino bure.

Nikaenda gerezani. Sijui nilitafuta nini; labda nilitaka mtu wa kunihukumu. Baba yako alikuwa amekonda, ana mvi. Nikamwambia, "Baba Ezekieli, majibu ya damu yamekuja."

"Yananisaidia nini sasa?"

"Nilikosea. Ugonjwa haukutoka kwa Skolastika peke yake. Nusu ni yake, nusu ni yako. Bila nusu yako watoto wasingeugua."

Aliinama mbele, viganja mezani. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hata mimi."

"Hata wewe. Sawa na yeye. Na hakuna kati yenu aliyekuwa na kosa."

Aliruka juu ya meza. Mikono yake ilifika shingoni mwangu kabla askari hajasogea, na sikujitetea. Niliona weupe, nikasikia kitu kinalia ndani ya koo langu. Askari alimpiga rungu la kichwa mara tatu ndipo akaachia. Alianguka sakafuni, damu inamtoka sikioni, na akawa anasema huku anahema, "Ulinipa mtu wa kuua. Leo unaniletea karatasi. Ulinipa mtu wa kuua."

Nimelifikiria neno lile miaka yote. Panga alilishika yeye. Mkono ulikuwa wake, na alikuwa na nafasi tatu za kuushusha. Sitalichukua panga lake nikasema ni langu, na wewe usikubali mtu akuambie baba yako alikuwa chombo tu. Lakini neno lilikuwa langu, na sitakubali pia mtu yeyote, hata jaji, aseme halikuwepo. Yupo hai. Kama siku moja utataka kumwona, ni haki yako. Usipotaka pia ni haki yako.

Kuna kofi nililokupiga ukiwa na miaka kumi na miwili. Nilisema ni kwa sababu umevunja bakuli. Ulijua siyo, nami nilijua siyo. Ulikuwa umeniuliza tu, unasafisha maharage, "Mama, kwani nani aliwaambia kuwa bibi ni mchawi?" Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulijigonga kwenye kabati, mdomo ukapasuka, damu ikadondokea kwenye ungo. Nilikuona unavyonitazama, na nikajiona mimi ndani ya macho yako nikiwa mmoja wa wale watu waliovuka shamba la mihogo. Nilikushona kwa uzi mwembamba kabisa ili lisibaki kovu. Halikubaki. Hukuuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Utaniuliza kama nilijifunza chochote. Nitakusimulia kisa kimoja tu. Unajua hili jino langu la mbele lililovunjika, ambalo nilikuambia nilianguka kwenye ngazi. Nilikuwa kliniki ya Nyarugusu na wazazi wa Kikongo, fundi seremala na mke wake, wana mabinti wawili wanaougua. Safari ile majibu nilikuwa nayo mkononi. Ndugu wote niliwatoa nje. Nikafunga mlango, nikawaketisha wawili tu, na nikaanza na mwanaume. Nilimwambia kasoro yake kwanza, kabla sijagusa ya mke.

Akasimama. "Dokta, unasema nini? Ni mimi njo niliharibu batoto?"

"Keti, baba, sijamaliza."

Alishika kigoda akakirusha. Sijui kama alikusudia ukuta au mimi. Kilinipata mdomoni, nikasikia jino likiingia kwenye ulimi. Mke wake alipiga kelele na kujikunja kwenye kona amefunika kichwa kwa mikono, kwa namna ambayo ilinionyesha amezoea. Nilitema damu kwenye kiganja. Nikachukua kalamu tena. Damu ilikuwa inadondokea kwenye mchoro, lakini nikachora.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Na hii ni yake. Ziko sawa. Ungeoa mwingine na yeye akaolewa na mwingine, labda msingejua mpaka kufa. Mlikutana, basi."

Fundi aliinamia mchoro. Kisha akaketi sakafuni, pale pale, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mke wake alichelewa kuamini, halafu akatoka kwenye kona akaketi karibu naye. Wanakuja mpaka leo kila mwezi kuchukua dawa za kifafa, na yule mwanamke huwa namwangalia shingo, mikono na mgongo kabla sijamwangalia mtoto. Mara mbili nimekuta alama. Mara zote mbili nilimwita mumewe peke yake, na mara ya pili nilikwenda na polisi. Sikuambii kwamba nimewageuza watu. Nakuambia tu ninachofanya sasa.

Jambo moja linabaki, na ni lako. Damu yako sijaipima. Ukiwa na miaka tisa uliumwa malaria, nikakutoa damu ya kawaida, na kichupa kilikuwa mkononi mwangu, na anwani ya maabara ile naijua kwa kichwa. Nilikishika robo saa nzima. Inawezekana umebeba kasoro moja kama wazazi wako, inawezekana hukubeba. Wewe mwenyewe hutaugua kwa vyovyote. Nilikimwaga. Tayari nilikuwa nimeshasema mara moja kilichomo kwenye damu ya mwanamke wa nyumba yenu kabla yeye hajauliza. Siku ukitaka kujua utauliza, na majibu yatafika kwako, siyo kwangu.

Nimepiga simu Kibondo mchana huu. Bibi yako alipokea, nikamuuliza kama amekuambia. Akasema, "Sijamwambia. Tumekula, amenisuka, tumecheka. Lako nimekuachia." Kisha akasema, "Resti, usiandike kitabu. Mwambie." Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na mitatu ananiita jina langu.

Nilikuwa nimepanga niiweke barua hii chini ya begi lako, uikute Mwanza, ukiwa mbali na uso wangu. Ni mpango wa mtu aliyekaa safu ya pili mahakamani. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia sasa mpaka hapo kuna saa za kutosha za kunipigia kelele, au kunyamaza, au kubeba begi lako ukalale kwa rafiki yako. Nitakubali lolote. Hata ukitaka kunirudishia lile kofi, sitainua mkono. Ukitaka kuniuliza, nitajibu kila swali, hata yale ya kuumiza, na kwa Kiha ukipenda, kama mama yako alivyonisemesha siku ile nikakataa kumsikia.

Pikipiki imesimama getini. Nakusikia unamshukuru dereva. Ninainuka kukuletea barua hii mkononi, kabla hujavua viatu.

Niliyelisema neno lile, na niliyekulea,
Restituta